Lori la Alhamisi

Sogeeni hapa kitandani wanangu, Hilaria, na wewe Severina, acha kulia mama, nisikilizeni upesi, maana leo ni Alhamisi, lori la ushirika likishapita kwenda Katesh, kwenye hospitali, ni mpaka wiki ijayo, na mimi wiki ijayo sijui kama nitaiona. Mdogo wenu alizaliwa juzi akiwa amekufa, damu yangu haijakata, na kwa mila yetu nyumba yenye msiba wa namna hii inatengwa, hatusalimiwi, wala hatupandi gari moja na watu. Baba yenu kaenda kulisimamisha, lakini naye atasimama mbali na barabara apige kelele tu.

Nisiporudi, yule ng'ombe wangu mwekundu ni wa Hilaria, ndama wake wa Severina, shangazi yenu asiwadanganye. Vitabu vyangu vya sekondari msiwashie moto.

Mwambieni babu yenu Tluway anisamehe. Mwaka ule watu walipojitolea kulima barabara kwa majembe, mimi msomi ndiye niliyeshika kamba ya kupimia, ikapita katikati ya zizi lake, na toka siku ile hajanisemesha. Lakini mama yangu alibebwa kwa machela, wanaume wanane wakipokezana, akafia mteremkoni. Nilitaka njia jamani, njia tu. Sasa ipo, barua zinafika, wafugaji wa Dirma wanatuletea maziwa hapa Gendabi wanarudi na mahindi, na mimi bado naogopwa. Mficha uchi hazai, wanangu, mkiugua, semeni.

Nyamazeni. Limesimama. Mnasikia? Abiria wanashuka! “Tutatembea!” Na dereva Nicodemo, si wa huku yule, anawacheka: “Tembeeni basi, Katesh ni jikoni kwenu?”

Ngoja… kuna mmoja hashuki. Ni bibi Qamara, sauti yake hiyo: “Mimi nimezika wanne, huyo binti ataniambukiza nini tena? Mleteni!”

Hilaria, nishike mkono. Ukifika pale mwamkie, sema shikamoo, hata kama hatusalimiwi, wewe sema. Na mkikua, mkimkuta mwanamke kama mimi njiani, msishuke… mnasikia? Msishuke. Mungu awatunze, awape… awape watu. Nimechoka, wanangu. Baba yenu huyo anakuja. Fungueni mlango, wote wawili, fungueni kabisa.