Ubao wa Stesheni ya Onzima Usifutwe

Mheshimiwa Diwani, viongozi wetu wa makanisa na wa msikiti, wageni mliotoka Arua, ndugu wafanyabiashara wa Koboko, na ninyi akina mama mliokaa mbele na mizigo yenu, nawasalimu wote.

Mimi ni Stella Kiden, mjane wa Lawrence Onzima, yule kipofu aliyepuliza kinanda cha mdomo katika soko hili mpaka alipofariki mvua za mwaka huu zilipoanza.

Tumekuja kufungua banda hili la kupumzikia. Lakini karibu na kiti cha Mheshimiwa nimeona pia kopo la rangi nyeupe. Nimeambiwa kwamba tukishakata utepe, ubao ule ulioandikwa "Stesheni ya Onzima" utafutwa, kwa sababu Koboko haina reli na wageni wanadanganyika. Mheshimiwa, kabla ya brashi, naomba kusema.

Je, mume wangu alimdanganya nani? Alizaliwa Manibe akiwa kipofu, akajifunza bluzi, muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, kutoka kaseti ya Sebit, dereva wa lori la Juba. Katika kaseti ile kinanda kiliiga treni. Onzima hakuwahi kukutana na treni. Aliniuliza, "Kiden, treni iko nene kama nini?" Mimi, ambaye pia sikuwahi kuiona, nikamwambia ni kama lori lililomeza malori mengine. Basi akapuliza hivyo.

Siku ya kwanza alipopuliza hapa, akina mama wa Ludara walifunga mizigo, wakaja mbio.

"Mzee, treni iko wapi?"

"Iko njiani, mama. Kaa."

Wakakaa. Katika kungoja wakauziana mihogo, kuku na simsim, na kesho yake wakarudi kungoja tena. Soko hili, Mheshimiwa, lilianza hivyo. Hata askari Tahiru, alipotumwa kututawanya, alisikiliza, akavua kofia, akauliza taratibu, "Mzee, hii inapita Pakwach?"

Kinanda chake alikifuta kwa pindo la kitenge changu, hata nikiwa natembea. Punje ya simsim ikiziba tundu, alisema, "Leo imebeba mizigo mizito." Tulipomzika Manibe, wengine walikuja na masanduku ya safari. Sikuwacheka. Mimi pia nilikuwa na begi.

Nyumbani sasa ninaitwa mjane. Nikikaa hapa, chini ya ubao ule, ninaitwa abiria. Mkiufuta, nitaitwa nani?

Lakini naona kiti cha Mheshimiwa kiko wazi. Amehamia kwenye benchi, mkoba wake uko magotini, na amemuuliza Mama Prossy, aliyekaa kando yake, jambo kwa sauti ndogo. Mama Prossy, umemjibu nini? Sema wote wasikie.

Anasema amemwambia, "Iko njiani, Mheshimiwa. Kaa."

Basi rangi ile tupake milango ya choo. Nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa sogeeni kidogo, na mimi nikae.