Vidonge Vyangu Mligawana

Mama zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Mwenyekiti kanipa nafasi niseme nilivyopona. Nitasema, ila hasira bado ninayo, mnivumilie. Jina la mtu sitaji. Kila mmoja atajijua.

Mnakumbuka tulivyohamishiwa hapa Goweko, nyumba zimepangwa mstari, mlango unatazama mlango. Mimi nilikuja na mimba. Nilipojifungua, usingizi ukakatika. Si mtoto aliyeukata, mtoto alilala. Mimi nilikaa macho mpaka nikamchukia kwa kulala kwake. Ndivyo ilivyokuwa, sifichi. Mchana kifua kinabana, mikono inatetemeka. Kile chuma cha reli kikigongwa twende shamba la kijiji, nakisikia, mwili hauinuki.

Mkaniita kupe. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, ninayewasomea barua za waume zenu. Mkipita dirishani kwangu kwenda kwenye tumbaku: "Kupe kaamka?" "Wapi, bado ananyonya." Mkacheka. Ndugu zangu, nawaambia, kila neno nililisikia, na nikakubaliana nanyi. Hapo ndipo palikuwa pabaya. Na ningetoka niende wapi? Kila mlango ulikuwa unanitazama.

Mume wangu akanipandisha treni mpaka Tabora. Daktari hakunicheka. Akanipa kopo la vidonge, kimoja kila jioni. "Huu ni ugonjwa, mama, si uvivu. Vitachelewa kufanya kazi, labda wiki mbili tatu. Usiache ghafla, na usimpe mtu."

Hakujua anaongea na mtu wa kijiji cha ujamaa.

Wiki ya tatu nililala. Asubuhi nikamnyonyesha mwanangu huku namwangalia usoni. Nikaenda shamba. Kurudi, kopo tupu.

Mama mkwe wangu, yupo hapa na ameniruhusu kusema, alikuwa amevigawa. "Mwanangu, wewe si umeshapona? Na tangu tuhamishwe, nani analala? Hapa vitu ni vya wote." Kimoja huku, viwili kule. Hakuwa na ubaya.

Siku ya nne nilikuwa kitandani tena. Jasho, kutetemeka, chuma kinagongwa. Dirishani nikasikia: "Kupe karudia." Nikainuka. Nguvu sijui zilitoka wapi, nadhani ni hasira. Nikaja mkutanoni hapahapa, mtoto mgongoni, kanga nimeifunga kinyume, nikasema: "Mimi ni mgonjwa. Rudisheni vidonge vyangu."

Yule aliyekuwa akicheka kuliko wote akafungua pindo la kanga yake, akatoa kimoja. "Nilikiogopa," akasema. "Lakini na mimi silali." Wengine wakafungua mapindo yao.

Mama mkwe mwenyewe akanirudisha hospitali. Daktari akamkemea, naye akajifunza kunihesabia vidonge kila jioni. Nikaanza upya. Mpaka leo nameza, na jembe nashika.

Asante, mama mkwe. Asante na wewe uliyenilimia ngwe yangu shambani nilipokuwa kitandani, bila kumwambia mtu. Nanyi wengine, gawaneni kunibebea mtoto, gawaneni maji ya kisima. Dawa ya mgonjwa iacheni kwenye kopo lake. Na mtu asipotokea shambani, gongeni mlango kabla hamjacheka.

Jambo la mwisho, na simtazami mtu. Vidonge viwili havikurudi. Sivitaki, vyangu ninavyo. Lakini wewe unayevishika kwenye pindo saa hizi, treni ya Tabora ni kesho asubuhi, nakusindikiza. Nije nikuamshe, au nitakukuta macho?