Msizifute Video Zangu za Kushona

Sogeeni wanangu, niinulieni huu mto, hapana, ushusheni, aa, basi uacheni, leo hakuna upande unaonikubali, na maneno haya nataka yatoke kabla pumzi haijanikimbia.

Cherehani ya kukanyaga chukua wewe binti yangu, duka mliendeshe na mdogo wako bila kukunjana mashati. Lakini zile video zangu za mtandaoni, ambazo yeyote anajifunza kushona bure, nimewasikia mkinong'ona habari zake jikoni. Mgonjwa si kiziwi. Binti, ulisema, "Mama akifumba macho tu, nazifuta. Zimetuletea Mama Kopi."

Uchungu wako naujua. Yule mwanamke alijifunza kola kwangu, kwenye simu, kisha akafungua duka ng'ambo ya barabara, na wateja wetu wakavuka. Hata mimi iliniuma.

Ila baba yenu alipofariki nilibaki na cherehani nisiyojua hata kuitia uzi. Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa mtandaoni ambaye sura yake sikuwahi kuiona, ni mikono na kikohozi tu, akikosea kukata anacheka, "Haya, tumeharibu, tuanze upya." Mikono ile ndiyo iliyowalisha na kuwasomesha. Tukafika kwenye koti, namna ya kuweka bitana, kile kitambaa cha ndani, na asubuhi moja nafungua simu, hakuna kitu. Nikaizima, nikaiwasha, nikaizungusha chumba kizima kutafuta mtandao. Kumbe mzee amekufa, na wanawe wamefuta kila kitu. Nililia kama niliyefiwa tena, na koti la mteja likabaki mezani limepasuliwa tumbo, mpaka mwenyewe akaja akalibeba hivyo hivyo.

Hata sasa yupo mtu, simjui, kitambaa ameshakikata na ananisubiri mimi. Msimtupe njiani. Mwanangu wa kiume, namba ya siri ya hizo video unayo, asiiguse mtu kwa hasira. Na wewe dada yake, wanaojifunza wananiuliza kila siku kuhusu mfuko wa ndani. Nilijaribu kurekodi, vidole vikatetemeka. Rekodi wewe. Ukiona haya, uso usionekane.

Maji... kidogo tu. Nimewaridhia nyote wawili. Mungu awape afya, awape wateja wenye subira, mpendane hata siku mkiwa mmechoka. Dirisha... lifungueni. Binti yangu, usikae hapa kunitazama, mdogo wako atanishika. Nenda dukani... mwanga bado upo... nenda ukaanze.