Mwalimu Anastazia Hakutubu

Katekista, wanakwaya, ndugu wa Kiabakari, wageni mliotoka Musoma na Bunda, majirani mliokuja kulia na ninyi mliokuja kuhakikisha kwamba safari hii amekufa kweli, familia ya hayati Mzee Stanislausi Magige inawakaribisha, na anayesimama mbele yenu kusoma ni Bhoke, mdogo wake marehemu, ambaye aliachiwa kazi hii na marehemu mwenyewe.

Kabla hatujaanza ijulikane kwamba karatasi hii ilipitiwa jana na kamati ya mazishi, na mwenyekiti wake, Mzee Revocatus, akaongeza kwa kalamu nyekundu mstari mmoja kwenye sehemu ya ugonjwa, akaagiza usomwe kama ulivyo, la sivyo katekista hatasali na kwaya itafunga kinanda chake irudi Musoma. Mstari wenyewe unasema kwamba marehemu, siku tatu kabla ya kufa, alitubu dhambi ya yoga na kuikana mbele ya mashahidi. Tutafika hapo, mzee wetu, usiwe na haraka, mtu huzaliwa kwanza.

Marehemu Anastazia Magige alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa hapa Kiabakari, wilaya ambayo leo ni Butiama, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Stanislausi na Mama Sara, alitanguliza miguu, wakunga wakanong'ona kwamba ni nuksi, na bibi yake akawajibu kwamba nuksi ni midomo yao. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1987 hadi 1993, akafaulu kwenda sekondari, lakini mwaka huo familia ilikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja, ikaonekana busara asome kaka yake Lameck, ambaye aliisoma hiyo sekondari hadi kidato cha pili akaichoka. Lameck yupo, amekaa pale kwenye turubai la wanaume, asimame mumwone au asisimame, yote sawa.

Mwaka 1998 marehemu alipata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya watalii wilayani Bunda, akafua kwa miaka kumi na moja, kwa mikono, ameinama, hadi mgongo ukakataa, na meneja akamwambia kwamba kama hawezi kuinama wapo wanaoweza. Aprili 2009 mvua ilikata barabara, na mgeni mmoja, mama mtu mzima wa Nairobi aliyeitwa Shanta, akakwama hotelini siku kumi na moja, akamwona mfuaji anayetembea kwa kushika ukuta, akamwita chumbani, akatandika taulo sakafuni, akamfundisha kupumua. Ndiyo, kupumua, jambo ambalo kila mmoja hapa anadhani analijua. Siku ya kumi na moja marehemu alibeba mizigo ya Mama Shanta hadi kwenye gari, mwenyewe, bila kushika kitu.

Alikwenda kwake Nairobi mwaka 2012, akajifunza miezi sita, akarudi na cheti cha kufundisha yoga, na tarehe 2 Juni 2014 akafungua darasa lake pale Bweri, Musoma, katika ghala lililokuwa la dagaa, ambalo alilisugua kwa majivu na ndimu wiki nzima na harufu haikutoka, haijatoka hadi leo. Mikeka aliiagiza Ukerewe, ikavushwa kwa kivuko cha Kisorya. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa akina mama wanaopasua sangara mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kutwa nzima wameinama, wakafuata bodaboda wenye viuno vilivyokufa ganzi, akafuata mwalimu mstaafu, na kila kipindi kilianza kwa kusema Baba Yetu, kwa sababu marehemu alikuwa Mkristo aliyebatizwa, tena kabla ya wengi wenu.

Sasa tuje kwenye tarehe 11 Agosti 2015, siku ya Jumanne, ambayo wengi mnaijua ila mnaisimulia vibaya. Kila kipindi marehemu alikimaliza kwa kuwalaza wanafunzi chali, kimya, dakika kumi, yeye amekaa macho pembeni, na sheria ilikuwa asiinuke wala kuitika mtu kabla ya muda, na kwa kuwa ghala lilikuwa na nzi kwa ajili ya ile harufu, akina mama walijifunika kanga kuanzia miguu hadi usoni. Siku hiyo jirani yake, Mama Mayala, alikuja kuomba chumvi, akabisha hodi hakuitikiwa, akachungulia dirishani, akaona watu tisa wamelazwa safu moja wamefunikwa. Hakuuliza, hakugusa mtu, alipiga yowe la msiba, na mtaa wa Bweri, ambao mtoto akianguka mtaroni hautoki nje, ulifika wote kwa dakika tano, na kuni, na unga, na benchi mbili, na sufuria kubwa ya wali, wakaanza kulia kwa kutaja majina, wengine wakiwalilia watu wasiowafahamu. Dakika zikatimia, na wale tisa wakainuka kwa pamoja na kukaa.

Jamani, mlikimbia! Mzee mmoja aliacha kiatu, mwenye sufuria akaacha sufuria, na kwa watu wenye akili jambo hilo lingekuwa kicheko cha mwaka mzima, lakini ninyi, kwa aibu ya kuonekana mmekimbia akina mama wapasua samaki, mkaona afadhali iwe uchawi. Ndipo mkaanza kusema kwamba anawaua watu Jumanne na kuwafufua, mkampachika jina la Mama Maiti, mkawakataza watoto wenu kucheza na watoto wake, na kanisani alipokaa benchi mkahama benchi. Aliwasalimia hivyo hivyo kila asubuhi, wala hakuwahi kuhama mtaa.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu na ndugu Eliud tarehe 19 Oktoba 2002 huko Bunda, wakajaliwa watoto wawili, Nathan aliyezaliwa 2004 na Sara aliyezaliwa 2008 akapewa jina la bibi yake, na waliishi vizuri hadi Januari 2016, Eliud alipohamia kwao Bukima akisema kwamba hawezi kulala kitanda kimoja na mtu anayekufa kila wiki. Hajaleta hata debe moja la mihogo tangu siku hiyo, ila leo amekuja na suti na ameketi kiti cha wafiwa, karibu shemeji, kaa, safari ilikuwa ndefu, miaka tisa si mchezo.

Si wote waliomkimbia, wengine walibadili mlango tu. Kuanzia Februari 2019 kulikuwa na baba mmoja mwenye heshima zake aliyekuja kila Jumatano mchana kupitia uani, kofia imefunika macho, ameinama anashika kiuno, na Bhoke huyu ndiye aliyekuwa anamfungulia. Jumapili baba huyo aliongoza maombi dhidi ya yoga, na Jumatano alivua viatu. Marehemu alimwapisha mdogo wake asimtaje maishani, na hatatajwa, familia yetu ina adabu, tunachosema ni kwamba leo amekaa mstari wa mbele, mgongo umenyooka kama mlingoti, na kalamu nyekundu imechomekwa mfukoni mwa koti lake.

Marehemu alianza kuumwa tumbo Julai 2024, na tarehe 23 Septemba madaktari wa Mwanza wakaona kwamba ni kansa ya kongosho, tena imechelewa kugunduliwa. Aliendelea kufundisha hadi Desemba, mwishoni akiwa amekaa kitini, na mwezi Februari, alipojua kwamba hatapona, alimwita mdogo wake akamwambia hivi, Bhoke, najua watataka kuniombea msamaha, sasa usikubali waniombee msamaha kwa kitu kilichoninyoosha, maana Sara atasikia, na Sara akisikia atanionea aibu maisha yake yote. Bhoke aliahidi.

Basi tumefika kwenye mstari. Siku tatu kabla ya kifo ilikuwa Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, na ni kweli Mzee Revocatus alikuja na wazee wawili, wakasimama kando ya kitanda, na mara tatu akamwuliza kama anaikana yoga. Sara alikuwepo ameshika kikombe cha uji, Bhoke alikuwepo. Mara ya tatu marehemu alifumbua macho, akamtazama mzee kwa huruma, akamwambia kwamba anapumulia juu juu, ashushe mabega, mbona amesahau upesi hivyo. Hayo ndiyo maneno yake yote, hakuna mengine, na wazee wale wawili walitazamana wakatoka. Sasa kama hiyo ndiyo toba, mzee, iandike kama ilivyosemwa. Familia hii haisomi uongo juu ya jeneza. Anastazia hakutubu yoga, Sara mwanangu umesikia, mama yako hakutubu, kwa sababu hakukuwa na kosa.

Alifariki Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka arobaini na mitano, miezi kumi na moja na siku ishirini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza waliomwambia ukweli mapema, na Mama Shanta, ambaye ni mzee sana na hakuweza kusafiri, lakini amepiga simu kila siku. Inamshukuru Mama Mayala, ambaye ndiye jirani pekee aliyekuja mwaka ule ule wa 2015 kuomba radhi, akaanza darasa, na miezi hii mitano ndiye aliyemwogesha mgonjwa. Inawashukuru bodaboda wa Bweri, wanafunzi wa Alhamisi, waliochimba kaburi hili jana kwa zamu. Kwaya ikitaka kufunga kinanda ifunge, njia ya Musoma iko wazi, wale akina mama kumi na saba mnaowaona kwenye mikeka wanajua nyimbo zote, na Baba Yetu wanaisali bila kusukumwa. Na mwenye sufuria iliyoachwa Agosti 2015, ndiyo inayopika wali wa leo, ukishakula ichukue, imesuguliwa.

Dada, kila kipindi ulikuwaga unasema achia miguu, achia mikono, achia na taya, kazi imeisha, hakuna anayekudai kitu. Umetulaza miaka kumi, umekaa macho ukitufukuzia nzi. Leo ni zamu yako, na kanga atakufunika Sara. Lala chali, Mwalimu, sisi tuko macho.