Eutimia Noyola na Mapacha wa Kitabu cha Ubatizo

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu ni nzito, mnivumilie. Tumemzika Eutimia Noyola. Bibi Eutimia, mfagiaji wa kanisa letu hapa San Telmo, pwani ya Oaxaca. Alitutoka Alhamisi, akiwa na miaka themanini na mbili.

Wengi mnaukumbuka ulimi wake. "Pangusa miguu! Mungu haoni matope, mimi nayaona!"

Alikuwa mweusi kama baba yake. Kakaye, Abundio, alizaliwa mweupe kama mama. Baba mmoja, mama mmoja. Abundio akaenda Puebla, akawa wakili. Mwaka wa sabini na moja Eutimia alipanda basi siku nzima kwenda kumwona, na kapu la tamale mapajani, mikate ya mahindi iliyotiwa kamba wa baharini na kufungwa majani. Akakuta wageni mezani. Mmoja akauliza, "Huyu nani?"

"Mtumishi wetu wa zamani kule pwani," Abundio akajibu.

Eutimia aliacha kapu jikoni, akarudi nyumbani.

Miaka ikapita. Kimbunga kikaezua paa la kanisa, vitabu vikalowa. Padri akamwambia avichome. Hakuvichoma. Alikausha kitabu cha ubatizo ukurasa kwa ukurasa, huku akijifunza kuusoma mwandiko wa kale. Enzi za Wahispania, mtoto aliandikwa jina, kisha damu yake. Mestizo, mtoto wa Mhispania na mwenyeji wa nchi. Mulata, Mhispania na Mwafrika. Loba, Mwafrika na mwenyeji. Maana yake mbwamwitu jike.

Bintiye, Zenaida, anasimulia: "Mama aliniita kwa kelele. Kidole kiko kwenye mstari. Akina Noyola wawili, mapacha, mwaka 1768. Mvulana kaandikwa mestizo. Msichana, loba. Mama akasema, 'Mwanangu, padri aliyeandika haya alitazama rangi tu. Tumbo moja, siku moja, huyu kamfanya mtu, huyu mnyama.' Akalia. Kabla ya hapo sikuwahi kumwona akilia."

Aliunakili ukurasa huo kwa mkono, akampelekea Abundio. Chini akaandika: "Kaka, sikulaumu. Njoo tu ule."

Abundio hakujibu. Miaka ishirini na mitano, hakujibu.

Ijumaa asubuhi, Eutimia akiwa tayari jenezani, mzee mmoja alisimama mlangoni kwa Zenaida. Mkononi ana karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo.

"Nilitaka kumfukuza," Zenaida anasema. "Nikamuuliza, 'Mjomba, sasa ndiyo unakuja?' Akasema, 'Niliona aibu. Kila mwaka nilipochelewa, aibu ikazidi.' Nikampisha apite."

Aliketi kando ya jeneza mpaka tulipolibeba. Akaomba naye abebe. Ana miaka themanini na sita. Tulimpa nafasi ya mbele, tukatembea polepole kwa mwendo wake.

Zenaida, pole sana. Wajukuu, poleni. Msikilizaji mpendwa, kama yupo ndugu uliyemkana mbele za watu, na bado anapumua, nenda leo.

Na wewe, mzee Abundio, najua hujaondoka kwa Zenaida, na redio yake imewashwa. San Telmo nzima inakupa pole kwa kufiwa na dada yako.