Margaret Ngina Njau, Aliyepiga Picha Magari ya Zamani ya Thika na Ruiru

Kamati ya mazishi iliomba wasifu huu uwe mfupi na usimguse mtu. Mdogo wake marehemu, Ciku, ambaye ameuandika na anausoma, amekubali ufupi peke yake.

Margaret Ngina, ambaye wengi walimwita Maggie, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 huko Gitothua, Ruiru, kifungua mimba wa marehemu Mzee Njau na marehemu Mama Gathoni. Mzee Njau aliendesha lori aina ya Bedford katika shamba la kahawa. Mwaka wa 1979 wenye shamba waliamua lori hilo limezeeka, wakaleta watu wa vyuma vikuukuu wakalikatakata uani, dereva wake amesimama pale akitazama. Maggie alikuwa amempelekea baba chai, naye aliona yote. Hakuna picha hata moja ya baba na lori lile. Jambo hilo lilimuuma Maggie maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi Ruiru, kisha shule ya bweni ya wasichana Murang'a, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1986 na kwenda Nairobi kusomea kazi ya maabara. Jamaa fulani wa ukoo walimshauri baba asijisumbue kusomesha msichana. Watoto wa jamaa hao hao ndio Maggie aliokuja kuwatafutia kazi mjini, na leo wamewahi viti vya mbele.

Januari 1990 aliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha matunda hapa Thika, akahamia Makongeni, na akafanya kazi hiyo hadi alipostaafu Desemba 2018. Mwaka wa 2004 studio moja ya mjini ilikuwa ikifungwa, naye akanunua kamera yao ya mkono. Tangu hapo Jumamosi zake zilikuwa za kutafuta magari ya zamani kati ya Thika na Ruiru: Volkswagen za mgongo wa kobe, Peugeot 404, Datsun 1200, hata Ford Anglia iliyogeuzwa kiota cha kuku. Kila mwenye gari alisafishiwa picha yake, akapelekewa hadi mlangoni. Akisikia gari linakatwa, alikimbia. "Mtu akitaka kukata, akate," alisema. "Lakini kwanza nipige."

Magari ya siku hizi aliyadharau kabisa. "Yote yanafanana kama mayai ya trei moja," alisema. "Hata mwenyewe analitafuta kwa kufinya alarm."

Tarehe 6 Mei 1995 alifunga ndoa kanisani na Bwana Githae, dalali wa mashamba, na Mungu akawajalia binti, Mitchell. Bwana Githae aliwachekesha marafiki zake akisema mke wake anafuata vyuma kama chokora. Mwaka wa 2009 alimwambia, "Maggie, chagua. Ni mimi ama hiyo scrap yako." Maggie alimuuliza kama angependa nguo zake zipakiwe kwa begi ama kwa gunia. Alichagua begi.

Sasa jambo ambalo kamati haikutaka lisomwe. Jumamosi ya tarehe 11 Machi 2017, Maggie alienda Mugutha kwa Mzee Mulei, mwenye Volkswagen ya bluu. Mzee huyo alimjua vizuri. Maggie alikuwa amelipiga gari hilo picha mwaka mmoja kabla, akaketi sebuleni kwake na kunywa chai yake. Safari hii alirudi kwa sababu gari lilikuwa limepakwa rangi upya.

Wakati huo magari yalikuwa yakiibiwa mtaani. Vijana walimwona mama na kamera nje ya geti, wakamzunguka.

"Unapiga picha za nini? Wewe ndio huwa unascoutia wezi!"

Walimpokonya kamera, wakamzaba kofi, wakamsukuma hadi akaanguka kwenye changarawe. Mzee Mulei alikuwa amesimama getini kwake.

"Mzee Mulei, si uwaambie unanijua?" Maggie alimwita.

Mzee Mulei aliwatazama vijana, akamtazama Maggie. "Mimi huyu mama simjui," akasema, akafunga geti.

Kijana mmoja alikuwa ameshaenda kutafuta tairi na petroli. Kila aliye hapa anajua tairi huwa la nini.

Aliyetoka ni Bi. Mbithe, mkewe Mulei, akiwa na aproni ya jikoni na picha kubwa ya fremu aliyoing'oa ukutani. Alipenya katikati yao akaiinua juu.

"Hii gari ni ya nani? Na huyu amekaa kwa bonnet si ni mimi? Aliyenipiga ni huyu mama! Mwacheni! Mulei, hebu toka uwaambie!"

Mulei hakutoka. Bi. Mbithe alimwinua Maggie, akamshika mkono, akatembea naye mpaka barabarani. Kamera ilirudishwa kioo kimevunjika. Hakuna hata mmoja wao aliyesema pole.

Jumamosi iliyofuata, Maggie aliazima simu ya Mitchell, akarudi Mugutha na kupiga ile picha, Bi. Mbithe akiwa ameketi kwa bonnet tena. Mitchell alipomuuliza kama hana hasira na Mulei, alijibu, "Hasira ni ya watu. Huyo ni body tu, engine ilitolewa kitambo."

Oktoba 2023 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Wageni walikuja kumwona na kumweleza kwamba ugonjwa umetokana na kushikashika kutu. Aliwapa chai, akawaomba warudi nyumbani mapema, mvua isije ikawapata. Mvua haikuwepo.

Aprili mwaka huu wa 2025 alisikia kuna Peugeot 404 imeletwa kwa fundi pale Makongeni. Hakuwa na nguvu za kutembea, kwa hivyo Mitchell alimsukuma kwa kiti cha magurudumu. Mwenye gari alipomwona na kamera yake, iliyokwisha kutiwa kioo kipya, alichukua kitambaa haraka.

"Usipanguse," Maggie akamwambia. "Hiyo vumbi imetoka mbali."

Alilipiga pande zote, akacheka njia nzima ya kurudi. Alifariki nyumbani kwake tarehe 22 Mei 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mitchell.

Mzee Mulei yuko hapa, na ameomba dakika chache azungumze kama rafiki wa marehemu. Nafasi hiyo amepewa Bi. Mbithe. Wale vijana wa Mugutha sasa ni wababa, na wawili nimewaona penye sufuria. Wapakuliwe.

Maggie ameacha binti yake Mitchell, ndugu yake Mwas, na mdogo wake Ciku. Bwana Githae aliomba aandikwe kama mume. Ameandikwa, pamoja na begi lake.

Mungu ampe Maggie pumziko ambalo wengi mlioketi hapa hamkumpa.