Msabaha Hamad Faki, Mwigizaji wa Sehemu Ndogondogo (1944–2005)

Kaka yetu Msabaha Hamad Faki alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa kwanza wa Mzee Hamad Faki na Bi Ummukulthum. Alisoma chuo cha Kurani na shule ya msingi hukohuko Wete, kisha sekondari mjini Unguja, ambako walimu walilalamika kwamba alikuwa akiwaiga mpaka wanavyotembea.

Baada ya Mapinduzi, Septemba 1964, aliondoka kwa siri kupitia Mombasa. Hakumuaga mama, kwa kuhofia kilio chake kingewashtua majirani. Alifika London Februari 1965, akaajiriwa ukarani Croydon. Barua zake hazikujibiwa, wala hakujua kama zilifika. Baridi aliizoea, kuondoka bila radhi za mama hakukuzoea.

Mwaka 1968 alianza kuigiza. Katika filamu ya kwanza, kijana wa miaka ishirini na nne, alibandikwa ndevu nyeupe awe chifu anayewalaani wageni. Mwongozaji akamwambia aseme lolote kwa lugha ya kwao, maana hakuna atakayeelewa. Msabaha akainua fimbo, akatoa macho, akanguruma: "Mama, mie Msabaha! Niwie radhi, sikukuaga! Mie mzima, nala vizuri!" Wageni wakatimua mbio kama walivyoelekezwa, na mwongozaji akaisifu sana laana ile.

Filamu hiyo ilifika Chake Chake mwaka 1970. Nilikwenda kuitazama na mama, hatuna habari. Ndevu zilitupoteza, sauti haikutupoteza. Mama alisimama akaielekea picha: "Nishakuwia, baba! Nishakuwia!" Watu walicheka, halafu wakaanza kulia. Jamaa wa Mombasa walimfikishia kaka habari hizo, naye akafunga siku tatu kumshukuru Mungu.

Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa dereva wa teksi, mlinzi, balozi, daktari asiye na jina. Mara nyingi aliuawa mapema, na hakunung'unika hata siku moja. "Saa nne nakufa, saa saba nishakula wali wangu," akisema.

Tarehe 12 Agosti 1972 alifunga ndoa na Bi Ann, mpambaji wa waigizaji, aliyempaka damu ya bandia na kumfuta kwa upole. Waliishi Tooting, wakajaaliwa binti mmoja, Mwanabaraka. Mwaka 1986 alipata kurudi Wete, akashinda wiki sita jikoni kwa mama.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2003. Tunawashukuru wauguzi wote, hasa Bi Parminder, aliyemvumilia akimuiga. Alifariki Jumatano, tarehe 9 Novemba 2005, hospitalini kusini mwa London.

Ameacha mjane, Bi Ann, binti, Mwanabaraka, wajukuu wawili, mimi mdogo wake, Abdulwakil, na mama yetu, mwenye miaka sabini na tisa, ambaye hawezi tena kusafiri. Jana kwenye simu mama aliniagiza: "Mwambie mwanangu radhi zangu anazo. Na yeye aniwie mie, sikuja kumzika."

Nimemwambia asubuhi hii, kabla hatujamfunika uso. Mola ampokee kwa rehema, ampumzishe.